Mwaka wa Lugha China: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Anayetoka Uswahilini

Umepata nafasi. Barua ya chuo imefika pamoja na fomu ya JW201 au JW202, ile ya kuombea viza ya masomo, na ndani ya barua imeandikwa kwamba mwaka wa kwanza ni wa kusoma Kichina tu, kisha ndipo uingie kwenye udaktari, uhandisi au chochote ulichoomba. Una miezi kama kumi ya darasa, Septemba hadi Juni au Julai. Ndani ya miezi hiyo utoke sifuri mpaka ukae ukumbini na vijana wa Kichina, ukimsikiliza mhadhiri ambaye hatapunguza mwendo kwa ajili yako.

Miezi kumi inatosha. Mimi niliipitia Wuhan, na nimewaona wenzangu kutoka Dodoma, Eldoret, Bujumbura na Goma wakiipita vizuri. Wengi niliowaona wakikwama walikwama kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwili haukutulia: baridi, chakula na karatasi za serikali viliwamaliza kabla hata hawajafungua daftari. Ya pili, walijifunza Kichina kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu vitabu vingi vimefasiriwa hivyo, wakasahau kwamba wana Kiswahili kichwani. Hili la pili linaniuma zaidi, kwa kuwa Kiswahili kinakaribia Kichina mahali pengi ambapo Kiingereza kipo mbali. Nitalirudia mpaka unichoke.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda ndege

Viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 inaitwa X1. Barua ya chuo, fomu ya JW na fomu ya uchunguzi wa afya viwe nakala halisi, na uvibebe kwenye mkoba wa mkononi. Usiviweke kwenye sanduku, maana sanduku likipotea utapata nguo nyingine lakini karatasi zile hazina mbadala, nawe utazihitaji tena baada ya kufika. Ongeza cheti cha homa ya manjano na picha ndogo za pasipoti kama kumi na mbili, zenye mandhari nyeupe.

Jambo la pili ni simu ya mama. WhatsApp, Gmail, Facebook na YouTube hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Weka WeChat kwenye simu ya mama, ya baba, na ya yule ndugu asiyekosa bando, mkiwa bado mmekaa sebule moja. Kufungua akaunti mpya mara nyingi kunadai mtu aliyekwisha kuwamo akuthibitishe, na ni vigumu kumwelekeza mzee hatua hizo ukiwa ng'ambo. Wafundishe kupiga simu ya video na kutuma ujumbe wa sauti wiki mbili kabla. Kama ombi lako la chuo lilipitia Gmail, fungua sanduku jingine la barua pepe na ukiarifu chuo mapema.

Pakua Pleco, kamusi inayofanya kazi bila intaneti na inayokuruhusu kuchora herufi kwa kidole. Kisha jifunze Pinyin, yaani namna ya kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1958. Kama uko karibu na Taasisi ya Confucius, ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoanza 2005 au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nenda japo mwezi mmoja. Atakayetua akiwa na Pinyin mdomoni ameokoa wiki tatu.

Mizigo: usibebe mablanketi wala sufuria. Beba adapta, kwa sababu plagi zetu za meno matatu ya mraba haziingii kwenye soketi zao. Beba viungo vya pilau, iliki, na mafuta ya nywele. Kijana, nunua mashine yako ya kunyolea, kwani vinyozi wengi wa kule hawajazoea nywele zetu. Dada, beba rasta za kutosha muhula mzima na ujue nani katika kundi lenu anasuka. Mwenye mguu mkubwa, namba 45 kwenda juu, aje na viatu vyake.

Fedha taslimu ya mwezi wa kwanza iwe mfukoni. Mwenye ufadhili wa serikali ya China hulipwa yuan 2,500 kwa mwezi ngazi ya shahada ya kwanza, 3,000 ya uzamili na 3,500 ya uzamivu, lakini malipo ya kwanza hayaji siku unayotua.

Hatua ya 2: Siku thelathini za kwanza

Ndani ya saa 24 lazima makazi yako yaandikishwe polisi. Ukilala bweni la chuo, ofisi huwa inakufanyia. Ukilala kwa rafiki au nyumba ya kupanga, nendeni pamoja na mwenye nyumba kwenye kituo cha polisi cha mtaa, pàichūsuǒ. Asiyejiandikisha anaweza kutozwa faini hadi yuan 2,000.

Ndani ya siku 30 tangu uingie, viza yako ya X1 lazima igeuzwe kibali cha ukaazi. Hapo kati kuna kupimwa afya, au kuhakikiwa vipimo ulivyokuja navyo, na kulipia bima ya wanafunzi wageni ambayo kwa kawaida ni yuan 800 kwa mwaka kama mfadhili hakulipi. Pasipoti itabaki ofisini siku kadhaa na utapewa risiti, kwa hiyo usipange safari ya treni wiki hiyo. Weka kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla kibali hakijaisha. Kupitiliza muda ni faini ya yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15.

Niseme na hili kwa uzito. Utafuatwa na watu wakikuomba ufundishe watoto Kiingereza wikendi, kwa pesa nzuri. Bila ruhusa ya chuo na alama yake kwenye kibali chako, hiyo ni kazi haramu, na faini yake inaanzia yuan 5,000 hadi 20,000. Aliyekuita naye anaweza kutozwa faini, lakini hilo halitakuokoa wewe.

Baada ya polisi, fuata mpangilio huu: laini ya simu, akaunti ya benki, halafu Alipay na malipo ya WeChat. Kila kimoja kinategemea kilichotangulia, na vyote vinataka jina lifanane herufi kwa herufi. Sisi wa majina matatu tunaumia hapa. Benki inaweza kuyaunganisha yote bila nafasi, duka la simu likaanza na jina la ukoo, na malipo yakagoma siku nzima. Piga picha jinsi benki ilivyoandika jina lako, uwaonyeshe wengine wote waandike vivyo hivyo. Likishakubali, utaishi kama ulivyoishi na M-Pesa, ila hapa hakuna wakala: unaskani mraba wa vidoadoa, hata kwa muuza viazi vitamu barabarani.

Hatua ya 3: Sikio

Sasa lugha yenyewe. Usikimbilie herufi. Wiki nne za kwanza zote wape masikio na ulimi, kwa sababu kosa la matamshi lililokomaa halitoki.

Anza na pumzi. Mzee wa Mvita au Lamu akisema paa la nyumba na paa yule mnyama, hayasemi sawa: p ya mnyama ina pumzi inayopuliza. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Kiswahili cha shuleni hakiandiki tofauti hiyo na wengi wetu wa bara hatuisikii tena, lakini ndiyo hasa inayotenganisha b na p, d na t, g na k katika Pinyin. Pinyin b ni p yetu kavu, ya paa la nyumba. Pinyin p ni ile ya mnyama, yenye pumzi. Kwa hiyo Běijīng inakaribia sana "Peiching", wala haina b nzito ya "baba". Shika kipande cha karatasi laini mbele ya mdomo: ukisema pà karatasi iruke, ukisema bà itulie. Nilifanya zoezi hili kila asubuhi kwa mwezi mzima, na ndilo lililonifaa kuliko yote. Kitabu changu, kilichofasiriwa kwa Kiingereza, hakikulisema kabisa.

Baada ya pumzi ni toni. Ziko nne, na ya tano hafifu. Ya kwanza iko juu na imenyooka, kama unavyomwita mtu aliye mbali na kuivuta sauti ya mwisho bila kuishusha. Ya pili inapanda, kama "eh?" ya mtu ambaye hakusikia. Ya tatu iko chini kabisa, kama "mmh" ya mzee ambaye hajaridhika na maelezo yako. Vitabu huichora ikishuka na kupanda, lakini ndani ya sentensi husikika zaidi kama sauti ya chini. Ya nne inaanguka ghafla, kama "we!" unayomkemea mbuzi anayetafuna nguo kwenye kamba. Mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kutukana.

Kama kwenu mnasema Kichaga, Kihaya, Kikikuyu, Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi au Lingala, toni unazo tayari. Kaa chini utafute katika lugha ya nyumbani maneno mawili yanayotofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, uyaseme kwanza, kisha useme má na mà. Aliyekulia kwenye Kiswahili pekee ana mzigo wa ziada: sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho katika kila neno. Tunaupeleka mtindo huo kwenye Kichina bila kujua, lǎoshī (mwalimu) ikawa "LAAoshi" na toni ya silabi yake ya pili ikapotea. Jirekodi kwa simu, usikilize, linganisha na sauti ya mwalimu. Inachosha, lakini fanya.

Mwisho wa silabi nao una mtego. Maneno yetu huishia kwa vokali, ya Kichina mengi huishia kwa n au ng, na hizo mbili ni sauti tofauti. Usiongeze i wala u ya kujisaidia mwishoni. Ng ya mwisho unayo: ni ile ya "ng'ombe", ila unaiacha hapo hapo bila kuongeza vokali.

Kuhusu sarufi, pumua. Mchina akiuliza "Nǐ qù nǎlǐ?" amepanga maneno kama wewe unavyosema "Unaenda wapi?" "Nǐ chī shénme?" ni "Unakula nini?", neno la kuuliza mwishoni, mahali pake. Tā ni yeye, mwanamume au mwanamke, kama kwetu. Ile le inayowasumbua waliozoea Kiingereza, ukiifikiria kama "-me-" mara nyingi unafika: wǒ chī le, nimekula. Guò ni "kuwahi": wǒ qùguo Běijīng, nimewahi kwenda Beijing. Zài mbele ya kitenzi ni "-na-" ya jambo linaloendelea. Na yale maneno ya kuhesabia vitu, běn kwa vitabu, zhāng kwa karatasi na meza, tiáo kwa virefu kama samaki, barabara na suruali, mtu aliyekua na ngeli hawezi kuyashangaa. Hukujifunza "kitabu" peke yake, ulijifunza "kitabu kimoja". Jifunze yì běn shū kwa pamoja vilevile. Ukiweka gè, lile la jumla, kila mahali utaeleweka, ila kama anavyoeleweka mgeni anayesema "kitabu moja".

Mahali Kiswahili kinapokupoteza ni kwenye sifa na umiliki. Sisi tunaanza na kitu kisha tunakieleza: kitabu cha mwalimu, gari jekundu. Wao wanageuza: lǎoshī de shū, hóng chē. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kuzoea tu.

Hatua ya 4: Herufi

Mwezi wa pili fungua daftari la viboksi, tiánzìgé, linalouzwa kila duka la chuo. Fuata mpangilio wa mistari kama unavyoonyeshwa, hata kama unaona umbo linatoka bila kuufuata. Mkono ndio unaokumbuka, na mkono uliozoea mpangilio ndio utakaoweza kusoma mwandiko wa haraka wa mwalimu ubaoni.

Usikariri herufi kama picha. Nyingi zimejengwa kwa vipande viwili: kimoja kinadokeza maana, kingine sauti. 妈, mama, ni 女 mwanamke pamoja na 马 mǎ, farasi, aliyekuja kwa ajili ya sauti yake tu. Chukua 青 qīng. Ukiiwekea maji kushoto inakuwa 清 qīng, safi. Ukiiwekea maneno, 请 qǐng, tafadhali. Moyo, 情 qíng, hisia. Jua, 晴 qíng, anga jeupe. Herufi nne kwa bei ya moja. Baada ya kama mia mbili za namna hiyo utaanza kukisia zile ambazo hujafundishwa.

Kila siku kuna tīngxiě, imla. Mwalimu anasoma, unaandika. Usikose hata moja, na kaa mstari wa mbele, ambako utaona mdomo wake.

Hatua ya 5: Hesabu za kila siku zinazotukosesha sisi

Haya sikuyaona kwenye kitabu chochote, kwa sababu ni ya wasema Kiswahili peke yetu.

Siku za wiki kwanza. Kichina kinazihesabu: xīngqīyī ni siku ya kwanza, nayo ni Jumatatu. Xīngqīèr, ya pili, ni Jumanne wala siyo Jumapili. Xīngqīsān, ya tatu, ni Jumatano. Masikio yako yatasikia "tatu" na kichwa kitasema Jumatatu. Kwa mwezi wa kwanza andika tarehe pia kwenye kila miadi.

Kisha saa. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia mapambazuko. Saa mbili asubuhi ni bā diǎn, nane. Nilimwambia mwanafunzi mwenzangu tukutane liǎng diǎn, nikiwa na saa mbili ya asubuhi kichwani. Yeye alifika saa nane mchana, kama nilivyosema. Ongeza sita au punguza sita, na usiseme mpaka umefanya hesabu hiyo.

Sokoni, bei imeandikwa kwa jīn, ambayo ni nusu kilo. Na namba kubwa zinakatwa kwa elfu kumi, wàn: laki moja ni shí wàn, "elfu-kumi kumi". Jifunze pia ishara za kuhesabu sita hadi kumi kwa mkono mmoja. Wauzaji wanazitumia kukiwa na kelele.

Hatua ya 6: Tumbo na baridi

Kantini ya chuo, shítáng, ni nafuu na inalipiwa kwa kadi. Sahani itakayokuokoa wiki ya kwanza ni fānqié chǎo jīdàn, mayai yaliyokaangwa na nyanya, juu ya wali. Wuhan asubuhi watu wanakula règānmiàn, tambi zenye uji wa ufuta, wakiwa wamesimama; nilizizoea mpaka leo nazitamani.

Kama huli nguruwe, jua kwamba ròu, nyama, ikitajwa peke yake kwa kawaida ni ya nguruwe, na mboga huweza kupikwa kwa mafuta yake au kunyunyiziwa nyama ya kusaga. Sema "Wǒ bù chī zhūròu", sili nguruwe, na uulize "Yǒu zhūyóu ma?", kuna mafuta ya nguruwe? Salama zaidi ni kutafuta maandishi 清真, qīngzhēn, yaani halali, yenye ile 清 uliyoijua hatua ya nne. Vyuo vingi vina kantini ya namna hiyo, na migahawa ya tambi za ng'ombe za Lanzhou iko karibu kila mji. Mwezi wa Ramadhani nunua mapema vya daku, kantini hazifunguliwi usiku. Msikitini na kanisani unaweza kwenda kwenye sehemu zilizosajiliwa. Kuhubiri na kugawa vitabu vya dini chuoni usithubutu.

Ugali unawezekana. Unga unaitwa yùmǐ miàn, mwingi ni wa njano, na mboga yetu ya chainizi hapa iko kwao. Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ina maduka yenye vyakula vya Kiafrika. Ila uliza kanuni za bweni kabla ya kuwasha jiko la umeme chumbani, kwani mabweni mengi yanalikataza.

Baridi sasa. Watu wanadhani kaskazini ndiko kunakoumiza. Harbin huzidi nyuzi 20 chini ya sifuri, kweli, lakini ndani ya nyumba kuna joto la bomba la mji. Beijing huwashwa rasmi kuanzia 15 Novemba hadi 15 Machi. Joto hilo la mabomba limekomea kwa jadi kwenye mstari wa milima ya Qinling na mto Huai. Sisi wa Wuhan, Nanjing, Changsha tuko kusini yake. Kipimajoto hakishuki sana, lakini unyevu unaingia mifupani, darasa ni baridi kama nje, na nguo zilizofuliwa hukaa siku nne bila kukauka. Nunua koti la manyoya ya bata, yǔróngfú, ukishafika. Bei hushuka karibu na 11 Novemba. Nguo za ndani za joto zina faida kuliko koti la pili. Na mtu aliyezoea jua kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima atashtuka Desemba giza linapoingia saa kumi na moja na nusu. Toka nje mchana, hata dakika ishirini. Giza hilo linakula moyo polepole bila wewe kulishuku.

Hatua ya 7: Watu

Lugha haiingii bila watu, na hapa tena malezi yetu yanatusaidia. Wachina, kama sisi, huitana kwa udugu. Mama wa makamo ni āyí, mwanamume wa umri wa baba yako ni shūshu, dereva na fundi ni shīfu, na mwalimu haitwi jina tupu, ni Wáng lǎoshī, Lǐ lǎoshī. Mpokee mkubwa kitu kwa mikono miwili. Shikamoo hakuna, lakini nín hǎo inabeba heshima. Utaulizwa "Chī le ma?", umekula?, nayo ni salamu. Umemkuta mtu kazini, mwambie xīnkǔ le. Ni "pole na kazi" ile ile, na wageni wengi hawaijui. Anayekusindikiza mlangoni atasema màn zǒu, tembea taratibu.

Mwalimu wangu bora nje ya darasa alikuwa āyí mlinzi wa bweni. Kila jioni nilikaa naye dakika kumi, nikimweleza nilichokula na nilichosoma. Hakujua neno la Kiingereza. Kufikia Desemba nilikuwa nikiota ndoto kwa sauti yake. Mtafute wa kwako: muuza matunda, fundi baiskeli, yeyote asiye na haraka. Usikate tamaa ukipanda teksi na kutoelewa chochote. Dereva huyo anasema lahaja ya mji wake, na ya Wuhan huchanganya hata n na l.

Tafuta pia yǔbàn, mwenzi wa lugha. Wengi watataka Kiingereza chako, kwa hiyo kubalianeni nusu saa kwa nusu saa, na uishike saa yako. Ukiwa Beijing una bahati zaidi: Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing na Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China vinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wanakutafuta kama unavyowatafuta.

Utatazamwa. Watu watakupiga picha, watagusa nywele. Mara nyingi ni mshangao, mara nyingine ni dharau, na utajifunza kutofautisha. Una haki ya kukataa: "Qǐng bié mō", tafadhali usiguse. "Bù hǎoyìsi, bù kěyǐ", samahani, hapana. Na neno nèige utakalolisikia kila sentensi, linalofanana na tusi la Marekani, maana yake ni "ile... nanii..." ya mtu anayetafuta neno. Usigombane nalo.

Ukisema umetoka Tǎnsāngníyà, mzee wa teksi huenda akasema palepale "Tǎnzàn tiělù!", yaani TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Jiandae na sentensi tatu za kumjibu: kwamba bado ipo, kwamba inafika Zambia, kwamba Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto. Mkenya awe na zake za Malindi na twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Mazungumzo yatakayofuata ni somo la saa nzima, bure.

Hatua ya 8: Novemba na Chūnjié

Septemba kila kitu ni kipya. Novemba upya umeisha, baridi imeingia, na Kichina bado hakijakubali. Wengi huacha kwenda darasani wiki hizo, na ukiacha kwenda darasani kibali na ufadhili vyote vinatikisika. Weka simu ya nyumbani siku moja maalumu. Tofauti ni saa tano: Jumamosi saa nne asubuhi ya Dar es Salaam au Nairobi ni saa tisa alasiri kwako. Ukiwapigia usiku wao baada ya kazi, kwako ni usiku wa manane, na kesho una imla. Usingizi ukikimbia wiki mbili mfululizo, au ukaanza kujifungia chumbani, mwambie mwalimu mlezi wa wanafunzi wageni au kaka na dada waliokutangulia. Hospitalini unaanza na guàhào, kujiandikisha na kulipa, ndipo daktari. Dharura ni 120, polisi 110, zimamoto 119.

Sikukuu ya mwaka mpya wao, Chūnjié, huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Chuo kinabaki kitupu, kantini zinafungwa, maduka mengi pia. Weka akiba ya chakula cha wiki mbili. Rafiki akikualika kwao kijijini, nenda. Nilikaa siku sita kwenye nyumba moja ya kijijini Hubei ambako hakuna aliyesema nami lugha nyingine, na niliporudi mwalimu aliuliza nilikuwa na mwalimu gani wa likizo.

Hatua ya 9: Muhula wa pili, HSK na somo lako

Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kichina vinataka HSK 4, yaani ngazi ya nne ya mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni. Kwa mpango uliozoeleka wa ngazi sita, hiyo ni maneno 1,200. HSK 5 ni 2,500. Gawa 1,200 kwa wiki arobaini, ni maneno thelathini kwa wiki. Siyo mlima. Lakini kila neno liandikie sentensi yako mwenyewe, kuhusu maisha yako, na kama unahitaji tafsiri pembeni, iandike kwa Kiswahili. Mtihani wa kompyuta hukuruhusu kuchapa Pinyin kisha ukachagua herufi, jambo linalowasaidia waliochelewa kwenye herufi. Hata hivyo mitihani ya chuoni ni ya kalamu, basi usiuweke mkono pembeni.

Kuanzia Machi omba vitabu vya mwaka wa kwanza wa somo lako kwa aliyekutangulia. HSK 4 haikufundishi maneno ya fizikia wala ya anatomia, na hapo ndipo wengi wenye cheti hujikuta hawaelewi chochote Septemba. Maneno yenyewe ni rahisi kuliko sura zake. Katika jedwali la elementi, karibu kila metali ina kipande 钅 kushoto, na gesi zina 气 juu: 氧 oksijeni, 氢 hidrojeni. Ukishavijua vipande, jedwali linajisomesha.

Mwezi wa Mei omba ruhusa kwa mhadhiri, ukae nyuma ya ukumbi wa mwaka wa kwanza mara moja kwa wiki. Usijaribu kuelewa yote. Andika kila neno ulilolinasa, kwa Pinyin ikibidi, na jioni ulitafute. Mara yangu ya kwanza nilinasa maneno kumi na moja kwa dakika tisini. Mara ya sita, mhadhiri aliuliza swali, na kabla sijageuza chochote kwenda Kiswahili nilikuwa nimeshainua mkono.